Beseni, taulo na ulimi mfupi: kumhudumia mgonjwa wa jirani bila kumnyang'anya nyumba yake

Mgonjwa akifikisha wiki ya tatu kitandani, wageni wa machungwa huwa wameshapungua. Wiki ya kwanza chumba hakipitiki: juisi za boksi, nyimbo, sala ya saa nzima, na kila anayeingia ana dawa aliyoisikia kwa shangazi yake. Baada ya hapo inabaki kazi ya maji, mashuka, poti na kukesha, na anayeibeba ni mtu mmoja, mara nyingi mke au binti. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo. Unawafaa wanajumuiya wa parokia, vikundi vya usharika, na jirani yeyote Mkristo anayetaka kutumika bila kutangazwa.

Andiko lenyewe ni Yohana 13, na wengi tunalisoma nusu. Yesu anainuka chakulani, anaweka kando vazi lake, anajifunga kitambaa, anatia maji kwenye bakuli na kuwatawadha wanafunzi miguu. Kazi hiyo ilikuwa ya mtumwa wa nyumba. Luka, katika sura ya 22, anaeleza kwamba kwenye karamu ya usiku huohuo wanafunzi walibishana nani kati yao aonekane mkubwa. Yuda alikuwa hajatoka bado, kwa hiyo miguu yake nayo ilioshwa. Hakuna aliyeombwa afanye kazi ile, hakuna aliyechaguliwa miguu iliyo safi, na kazi haikuishia kwenye kulowesha: walikaushwa, kwa kitambaa kilekile alichojifunga. Kukausha ndiko tunakokusahau. (Neno lenyewe, kutawadha, jirani zetu Waislamu wa Tanga au Lamu wanalijua vizuri kuliko sisi.)

Makanisa kadhaa hulitenda jambo hili kwa ibada. Wakatoliki hulifanya Alhamisi Kuu, na tangu Januari 2016 ni ruhusa kwa wanawake nao kuwa kati ya wanaooshwa. Waadventista Wasabato hutawadhana kabla ya Meza ya Bwana, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake. Ni ibada nzuri, lakini ina udhaifu wake unaojulikana: watu wanasugua visigino nyumbani, wanapaka mafuta na kuvaa soksi mpya, ndipo waende kuoshwa. Miguu ya mgonjwa haina maandalizi hayo, na ndiyo maana inafundisha zaidi.

Kanuni tutakayoirudia mpaka mwisho ni moja: mwenye nyumba abaki mwenye nyumba. Huduma inayomfanya mgonjwa au mke wake ajisikie mgeni kwake imekwisha kuwa kiburi, hata kama sakafu inang'aa.

Kupiga hodi

Anza na anayeuguza, kwa sababu ndiye anayejua kazi iko wapi. Mwenyekiti wa jumuiya asiende na msafara. Waende wawili, mmoja wao awe anafahamika pale ndani. Msifike wakati wa chakula wala wakati wa kuogesha.

Swali la "Nikusaidie nini?" linatoka moyoni, ila linamtwisha aliyechoka kazi nyingine ya kufikiri, na jibu lake karibu siku zote ni "Tupo tu, Mungu anasaidia." Badala yake taja muda wako na kazi mbili, yeye achague: "Mama, shikamoo. Jumanne tuna nafasi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nne. Tufue, au tukae na mzee wewe ulale kidogo?" Akisema tufue, fueni. Msije mkasema mngependa zaidi kukaa na mzee. Akisema hapana, kubalini mara moja, rudini baada ya wiki na swali dogo zaidi: ndoo tatu za maji, au kwenda kuchukua dawa zahanati.

Mgonjwa anaweza kuwa Mwislamu, au Mkristo wa kanisa lisiloelewana na lenu. Kazi ni ileile. Sala msiianze mpaka mwombwe, na chakula kutoka jikoni kwenu kiulizieni kwanza.

Zamu

Jumuiya ya nyumba 12 ikitoa mtu mmoja kila nyumba inapata jozi 6. Kila jozi ishike wiki nzima, siku tatu, kwa muda wa saa mbili kila siku. Zamu itawarudia baada ya wiki 6, jambo ambalo mtu mwenye kazi na watoto analiweza. Wengine hupanga kila siku na jozi yake. Hilo huonekana la haki kwenye karatasi, lakini chumbani ni baya: mgonjwa anavuliwa nguo mbele ya macho mapya kila mara, na kila jozi inauliza upya chumvi iko wapi na shuka safi liko wapi. Kwa wiki nzima mnajifunza nyumba.

Asiende mtu peke yake. Sababu ya kwanza ni mgongo, kwa kuwa mtu mzima aliyelegea hanyanyuliwi na mmoja. Ya pili ni heshima ya pande zote: kikipotea kitu, au yakizuka maneno, kuna shahidi. Mwanamke aogeshwe na wanawake, mwanamume na wanaume, isipokuwa mgonjwa mwenyewe aseme vingine.

Kosa linaloua zamu nyingi ni moto wa mwanzo. Wiki ya kwanza wanakuja tisa, ya nne hakuna. Ahidini kidogo. Kuahidi siku tatu na kufika mbili kunaumiza kuliko kuahidi moja, kwa sababu anayeuguza alishapanga kwenda kliniki au sokoni siku ile ya tatu. Ukishindwa kufika, piga simu mapema na mtume mwenzako ambaye mgonjwa anamjua.

Wekeni daftari moja pale nyumbani, juu ya kabati au chini ya mto. Humo muandike saa, upande aliogeuziwa, alichokula na kiasi gani, amekojoa au la, dawa aliyomeza, na chochote kilichobadilika kwenye ngozi. Mistari mitatu inatosha. Daftari ni mali ya nyumba ile, halitoki kwenda jumuiyani.

Miguu

Kama mna nafasi ya kazi moja tu, fanyeni hii. Inachukua dakika 20, haihitaji elimu ya uuguzi, na mgonjwa anaisikia mwilini siku nzima.

Mnahitaji beseni, maji ya uvuguvugu lita 4 au 5, sabuni ya kuogea, vitambaa viwili laini, taulo, na mafuta ya mgando au ya nazi. Kucha zikatwe kwa kikata kucha cha mgonjwa mwenyewe, maana kikitembea nyumba kwa nyumba kinatembea na damu. Kama kuna mchubuko au kidonda, vaa glavu.

Tafuta kigoda, ukae chini kuliko mgonjwa. Hii si maigizo ya Alhamisi Kuu. Ukiinama kutoka juu mgongo unakatika ndani ya dakika tano na utaharakisha. Ukikaa kwenye kigoda, taulo mapajani, mikono inakuwa huru na macho yako yanakuwa chini ya yake, hivyo yeye ndiye anayekutazama wewe. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumgusa: "Bibi, naanza na mguu wa kulia."

Pima maji kwa kiwiko, usipime kwa kiganja. Kiganja cha mtu anayeshika masufuria kimezoea moto na kinadanganya. Mwenye kisukari, na mara nyingi aliyepatwa na kiharusi, huenda asihisi miguu vizuri. Ukimuuliza kama maji ni ya moto atasema ni sawa huku ngozi inaungua. Kwa sababu hiyohiyo usimlazie chupa ya maji ya moto miguuni, hata akilalamika baridi. Soksi zinatosha.

Osha kuanzia kifundo kushuka, kisha unyayo, halafu kila kidole na katikati ya vidole. Mwenye kisukari asiloweke miguu ndani ya beseni muda mrefu, ngozi italegea na kupasuka. Osha na utoe. Suuza kwa maji safi, sabuni ikibaki huwasha. Ndipo unafika kwenye kukausha. Bonyeza taulo, usisugue, na pitisha ncha ya kitambaa kikavu kati ya kila kidole na kidole, kumi vyote. Unyevu ukibaki hapo, fangasi wanaota ndani ya siku chache, na kwa mwenye kisukari ufa mdogo wa fangasi ni mlango wa kidonda kikubwa.

Mafuta yapakwe juu ya mguu, unyayoni na kisigino. Katikati ya vidole usipake. Kucha zikatwe moja kwa moja, pembe zisichimbwe. Sugu usiikate kwa wembe kamwe, hata mgonjwa akisema amezoea. Kabla ya kumaliza inua mguu uangalie unyayo wote mahali penye mwanga: malengelenge, weusi mpya, ufa, mwiba. Mwenye kisukari anaweza kutembea na msumari siku mbili bila habari. Ukiona kidonda, kiandike kwenye daftari na mwambie anayeuguza siku hiyohiyo kwamba kinahitaji kuonwa zahanati. Usikitie majani, dawa ya meno wala unga wa kidonge.

Kuhusu harufu: ipo. Usijifunge kitambaa puani mbele yake, wala usimwambie "haina shida" kabla hajasema lolote. Fungua dirisha kama unavyofungua siku nyingine na uendelee.

Kuogesha kitandani

Hapa tunataja mpangilio, kwa sababu mpangilio wenyewe ndio usafi.

1. Funga mlango na pazia, kisha mfunike mgonjwa khanga mbili, moja juu na moja chini. Utafunua sehemu unayoiosha tu, na kuifunika kabla ya kwenda nyingine. Mtu akilala uchi chumbani dakika kumi hatasahau, hata kama ni dada yako.
2. Mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuza. Tandika nailoni na shuka kuukuu chini yake godoro lisilowe.
3. Uso kwanza, bila sabuni. Jicho lifutwe kutoka upande wa pua kwenda nje, na kila jicho na kona yake ya kitambaa.
4. Mikono na kwapa, kifua na tumbo, miguu, halafu mgongo. Chini ya matiti na mikunjo ya tumbo pakauke kabisa.
5. Badilisha maji na kitambaa, ndipo uende sehemu za siri. Mwanamke afutwe kutoka mbele kwenda nyuma, kinyesi kisipelekwe kwenye njia ya mkojo. Kama ana nguvu ya mkono mmoja, mpe kitambaa ajifute mwenyewe na wewe geuka.

Hatua ya tano ndiyo inayopima unyenyekevu wa kweli, na wengi huikosea kwa wema: wanamfanyia mgonjwa kila kitu kwa sababu ni haraka zaidi. Anachoweza kukifanya mwenyewe, hata kwa dakika nane badala ya moja, ni chake.

Shuka lenye damu au kinyesi litolewe mabaki kwanza chooni, kisha liloweke kwenye maji ya jiki. Kwa jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo ni sehemu moja ya jiki kwa sehemu sita za maji, dakika 10, halafu suuza na ufue kama kawaida. Jiki hupausha khanga za rangi, kwa hiyo ulizeni kabla. Msiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo. Hewa inayotoka inachoma mapafu.

Kumgeuza

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili: upande wa kulia, chali, kushoto. Ninyi mko pale kwa muda wa saa mbili tu, hivyo kazi yenu halisi ni kumgeuza mnapofika na mnapoondoka, na kumfundisha binti wa nyumba njia isiyomvunja mgongo. Tandikeni shuka lililokunjwa mara mbili chini yake, kuanzia mabega mpaka mapaja. Mmoja kila upande, magoti yakunjwe, hesabuni pamoja, mmnyanyue kwa shuka. Msimburute, kwa sababu ngozi inabaki kwenye godoro huku mfupa unasogea, na hapo ndipo kidonda kinapoanzia ndani kabla hakijaonekana nje.

Mto mmoja kati ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo, na mmoja chini ya misuli ya mguu ili visigino vielee. Ule mviringo wa khanga tunaopenda kuukalisha chini ya makalio unadhuru, kwani unabana damu pembezoni.

Kagueni makalio juu ya mkia, nyonga, visigino, viwiko na kisogo. Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu. Tafuteni sehemu iliyokolea kuliko jirani yake, yenye joto au iliyokakamaa. Mkiipata, asilalie hapo tena mpaka ipone, wala msiisugue. Kuchua sehemu hiyo kunaonekana kama upendo, lakini kunaharibu nyama iliyokwisha kuumia.

Kulisha

Akae wima, au angalau mgongo uinuliwe kwa mito mitatu. Kijiko kidogo cha chai, kidevu kielekee chini kidogo, na usilete kijiko cha pili kabla hujaona koo linapanda na kushuka. Aliyepooza upande mmoja atiwe chakula upande mzima wa mdomo, kisha kagua shavu la upande uliopooza, maana uji hujificha humo. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji, acha. Kumlazimisha amalize bakuli ili muondoke na habari njema ni njia ya kupeleka uji kwenye mapafu. Abaki amekaa dakika 30 baada ya kula, na kinywa kisafishwe.

Pumzi nzito, homa kali, kuchanganyikiwa ghafla, uso ulioanguka upande mmoja, au kutokojoa kutwa nzima: hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Msiyasubirishe mpaka jumuiya ikutane, wala msiyafungie chumbani kwa maombi.

Ulimi

Mikono hujifunza haraka, ulimi huchelewa. Mambo yafuatayo ndiyo yaliyofungisha milango mingi.

Sala iwe fupi. Muulize mgonjwa kama angependa, aya moja ya Zaburi, Baba Yetu, dakika tano mpaka kumi. Mgonjwa mwenye maumivu hawezi kuwaambia mnyamaze, atavumilia nyimbo saba na wiki ijayo atajifanya amelala. Mara nyingi anafurahi zaidi akiombwa yeye awaombee ninyi, na aombwe: kitandani hakujamwondolea ukristo wake.

Sababu ya ugonjwa msiitafute. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, wakajibiwa si yeye wala wazazi wake. Na dawa za hospitali, za presha, za kifafa, za virusi vya ukimwi, hazisimamishwi na mtu wa jumuiya kwa jina la imani. Huyo hamnyenyekei Mungu. Anaamua mahali pasipo pake.

Mtakayoyaona chumbani hayatoki. Chupa ya dawa kwenye kabati, ugomvi wa mama mkwe, mtoto aliyekuja kuomba hela ya pombe. Njia ambayo siri huvujia kwetu inajulikana, nayo huvaa joho la sala: "Tumwombee ndugu yetu fulani, ile hali yake sasa..." Kabla ya kuondoka muulizeni anayeuguza: "Jumamosi wakituuliza jumuiyani, tuseme nini?" Akisema "Semeni anaendelea vizuri," hayo ndiyo mtakayosema, kwa maneno hayohayo.

Picha msipige. Hata kwa ruhusa, kwa sababu anayetegemea mikono yako kwenda chooni hana nguvu ya kukukatalia.

Fedha

Desturi ya katibu kusimama na kusoma majina, fulani elfu kumi, fulani elfu mbili, inatetewa kwa kisingizio cha uwazi. Tunadhani ni vitu viwili vimechanganywa. Uwazi ni hesabu ijulikane. Majina na viwango ni kitu kingine, na Mathayo 6 imekisemea: mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Mwenye elfu mbili akisikia jina lake mara mbili, mara ya tatu haji.

Tumieni kopo lenye kifuniko, lipite kwa wote, na asiye na kitu atie mkono mtupu bila mtu kujua. Wawili wahesabu, waandike jumla, waweke saini zao, jumla hiyo isomwe. Kwenye nyumba ya mgonjwa fedha ikabidhiwe kwa anayepanga bajeti ya jikoni, ndani ya bahasha, mlangoni wakati wa kuaga, bila hotuba. Msiamue badala yake. Kumpelekea kilo tano za sembe mtu ambaye shida yake ni nauli ya kliniki kunamlazimu auze sembe kwa jirani, na kisha asemwe.

Kukosolewa, na kuhudumiwa

Siku moja mke wa mgonjwa atasema: "Hapana, sivyo hivyo." Huenda wewe ndiye uliye sahihi. Kama jambo halina hatari, jibu ni "Nionyeshe," na ulifanye kwa njia yake. Shuka likunjwe anavyolikunja yeye. Kama lina hatari, sema sababu mara moja kwa sauti ya chini, na umwachie muuguzi wa zahanati aamue. Ukivunja kikombe au ukisema neno baya, omba radhi kwa sentensi tatu: nilichofanya, nisamehe, nitakirudisha kesho. Sentensi ya nne huwa ndiyo inayoanza na "lakini".

Ukisifiwa, sema asante uendelee kukamua nguo. Ile "mimi si kitu, mimi mavumbi" inamlazimisha mwenzako akusifu mara ya pili.

Unyenyekevu una mpaka. Mgonjwa akikushika vibaya au akikutukana kila siku, ondoa mkono wake, mwambie kwa maneno wazi kwamba hapana, toka nje, na mjulishe mwenzako na mwenyekiti. Zamu ibadilishwe. Kuvumilia kimya hakumsaidii hata yeye.

Na akikukaribisha chai, kunywa. Nyumba inayopokea tu kila siku inachoka kupokea. Kikombe kile ni namna yao ya kukaa sawa na ninyi. Petro alidhani anajishusha alipokataa kuoshwa, na akakosolewa. Siku utakapougua wewe, usiwafungie wenzako mlango kwa madai kwamba hutaki kuwasumbua.

Zamu inapokwisha

Akipona, punguzeni taratibu: siku tatu, moja, kisha salamu. Daftari liachwe pale, ufunguo urudishwe mkononi kwa mwenye nyumba, usipitie kwa mtoto.

Akifariki, waliomhudumia hawana kiti cha mbele msibani. Nafasi yao ni uani, kwenye masufuria. Kabla ya kuinjika sufuria kwenye kuni, ipakeni nje udongo au majivu yaliyoloweshwa. Masizi yatatoka kwa kufuta, bila kusugua nusu saa kwa stilwaya. Ukoko ulowekwe maji mara tu chakula kinapopakuliwa. Vyombo vya kuazima vifungwe uzi wa rangi siku ya kwanza, nyumba moja rangi moja, na vihesabiwe kila jioni; vikirudi pungufu, ni mjane atakayefuatwa.

Wiki moja baada ya matanga kuanuliwa, viti vikisharudishwa na turubai likishashuka, jozi iliyokuwa na zamu irudi na dumu la maji la lita 20. Wakae nusu saa, na habari za mirathi wasiziulize.